Uzi: Kwenye komiki za vampaya mchoro ndio mwendelezo wenyewe. Tuanze na The Tomb of Dracula

Mlinzi wa Juzuu

Wakuu, habari za muda huu. Nimemaliza kuirudia The Tomb of Dracula, ile komiki ya Marvel, yote, kuanzia toleo la 1 la Aprili 1972 hadi la 70 la mwaka 1979, nikaona nianzishe uzi kabla moto haujapoa.

Kila tukigusa suala la mwendelezo tunakimbilia matukio. Nani alipigwa kigingi cha moyo toleo lipi, nani kafufuka vipi, tarehe zinagongana wapi. Michoro tunaiweka pembeni kama mapambo: huyu anachora vizuri, yule hajui, basi. Mimi mgawanyo huo naukataa. Kwenye komiki za vampaya mchoro wa mhusika ndio mwendelezo wenyewe, na ukivunjika huo hakuna maneno ya mwandishi yatakayoziba ufa.

Sababu ni kwamba vampaya hazeeki. Mhusika wa kawaida akibadilika sura unajiambia amekua, ameugua, amepita mengi. Dracula hana pa kujifichia. Sura aliyokufa nayo ndiyo anayotembea nayo karne zote. Mchoraji akisogeza mfupa wa shavu lake amegusa kanuni ya ulimwengu mzima wa hadithi ile.

Angalieni mfululizo ulivyoanza. Toleo la 1 na la 2 maneno ni ya Gerry Conway. La 3 na la 4 ni Archie Goodwin. La 5 na la 6 ni Gardner Fox. Marv Wolfman anaingia la 7 na kukaa mpaka mwisho. Yaani waandishi wanne ndani ya matoleo saba! Mfululizo mwingine ungesambaratika hapo. Huu haukusambaratika kwa sababu penseli ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Gene Colan, matoleo yote 70. Msomaji wa mwaka 1972 alipofungua toleo jipya alimkuta mtu yuleyule: mashavu yaliyobonyea, masharubu, macho yaliyozama chini ya nyusi, vidole virefu visivyotulia. Mwandishi mpya alilazimika kumwandikia maneno yanayoingia kwenye mdomo ule.

Na sura ile haikuokotwa tu. Colan aliijenga juu ya uso wa mwigizaji Jack Palance, na alifanya hivyo kabla Palance mwenyewe hajaigiza kama Dracula kwenye televisheni mwaka 1974. Mchoraji alimwona Dracula ndani ya uso wa mtu kabla watengenezaji wa filamu ile hawajamwona.

Sasa ruka hadi 2010, wakati wa mapambano ya X-Men na vampaya. Anatokea mtu mwenye nywele ndefu nyeupe na deraya nyekundu, tunaambiwa huyu ndiye Dracula. Jina lake nalisoma. Mtu mwenyewe simuoni.

Karibuni tujadili.

Binti Wino

Kaka, nakazia, ila usimwache mlangoni Tom Palmer, aliyepaka wino juu ya penseli za Colan kwenye matoleo mengi.

Penseli za Colan zilikuwa na tatizo linalojulikana na kila aliyewahi kushika brashi. Hakuchora mistari, alichora kivuli. Ukurasa wake una kijivu cha kila daraja, umepakwa kwa ubavu wa penseli. Wino una rangi moja tu, nyeusi. Anayepita juu ya penseli zile lazima aamue kila kijivu kiende wapi: kiwe cheusi kabisa, kiwe mistari ya msalaba, au kiachwe cheupe. Maamuzi hayo yakikosewa Colan anatoweka kwenye ukurasa aliouchora mwenyewe.

Mtu asiyeamini achukue toleo la 2, ambalo wino uliwekwa na Vince Colletta, aliweke karibu na toleo lolote la Palmer. Penseli ni za mtu mmoja. Lakini kwa Colletta mistari ni myembamba na giza limepungua, Dracula anaonekana kama mwungwana aliyevaa joho. Kwa Palmer nusu ya uso imemezwa na weusi, na jicho lililobaki ndilo linakutazama. Palmer alikuwa akibandika hata zile karatasi za nukta ili kupata kijivu ambacho wino peke yake hauwezi kutoa, na matoleo mengi alitia na rangi mwenyewe. Kwa hiyo unaposema mkono mmoja, mimi nahesabu miwili.

Na ninawasihi wote: someni ile mikusanyo ya nyeusi na nyeupe. Karatasi za miaka ya sabini zilikuwa duni, rangi zilichapwa kwa nukta, na nyingi zinafunika kazi ya wino. Ukiondoa rangi ndipo unapoona huyu mtu alitengenezwa kwa kitu gani.

Kivuli Hakuna

Mkuu Mlinzi, hapo naomba nikupinge, na sitapinga nusu.

Blade, mwindaji wa vampaya. Anaingia toleo la 10, Julai 1973. Koti la kijani, nywele za afro, miwani, mkanda wa visu vya mbao umepita kifuani. Ni binadamu. Mama yake aling'atwa wakati wa kujifungua, kwa hiyo mwana akazaliwa na kinga: ukimng'ata hageuki. Hana nguvu za vampaya hata moja. Ana visu, ana hasira, basi.

Ikaja filamu ya 1998 na Wesley Snipes: koti refu jeusi, miwani myeusi, upanga mgongoni, nusu mtu nusu vampaya. Komiki zikamfuata. Mwaka uliofuata vampaya Morbius akamng'ata ndani ya komiki ya Peter Parker: Spider-Man na Blade akapata nguvu zile. Leo ukimchora na koti la kijani, wasomaji wengi watauliza huyu ni nani.

Kwa kanuni yako Blade alipaswa kufa siku hiyo. Mwendelezo wake ulivunjwa vipande kwa macho, na akaishi. Tena akawa mkubwa kuliko alivyokuwa. Kinachomshikilia ni kisa: mama yake, Deacon Frost vampaya aliyemng'ata mama huyo, kisasi. Ukimvua nguo zote na kumvika nyingine, kisa kinabaki.

Na Deacon Frost mwenyewe je? Kwenye komiki ni mzee wa nywele nyeupe, wa adabu za karne ya 19. Kwenye filamu ni kijana. Tulimkubali kwa sababu tunajua alichofanya.

Mlinzi wa Juzuu

Mkuu, filamu ni nyumba nyingine, Frost wa filamu simgusi. Nazungumzia ukurasa.

Na Blade umenisaidia bila kutaka. Wewe mwenyewe umesema walipotaka kumpa nguvu mpya walimleta Morbius amng'ate. Kwa nini walihangaika? Kwa sababu mwili umebadilika, na mwili wa mtu anayewinda vampaya haubadiliki bure. Walilipa gharama ya mabadiliko ndani ya hadithi. Koti halikulipiwa chochote kwa sababu koti ni koti, kila mtu ananunua jingine. Uso na mwili ni habari nyingine.

Mzee wa Fremu

Vijana, mjadala mzuri. Niongeze mambo ambayo naona yanapita juu.

Kwanza, kwa nini sura hii ilikuwa nzito kiasi hicho mwaka 1972. Kanuni za maudhui za komiki za Marekani za mwaka 1954 zilipiga marufuku vampaya, watu wanaogeuka mbwa mwitu na wafu wanaotembea. Kwa takriban miaka 17 kampuni zilizofuata kanuni zile hazikuweza kumweka mnyonya damu kwenye jalada. Mwaka 1971 kanuni zililegezwa: vampaya wakaruhusiwa ilimradi wachukuliwe kwa namna ya fasihi ya zamani. Oktoba mwaka huohuo Morbius akatokea kwenye Amazing Spider-Man namba 101, lakini huyo ni vampaya wa maabara, ametokana na sayansi. Miezi sita baadaye ndipo Dracula akaja na jeneza lake. Colan alikuwa anachora kitu ambacho watoto wengi wa wakati ule hawakuwahi kukiona kwenye komiki mpya ya rangi. Hakuwa anarithi sura, alikuwa anaiweka. Ndiyo maana tunaipima kila nyingine kwa hiyo.

Pili, na hapa simuungi mkono mleta uzi moja kwa moja. Kuanzia 1973 mpaka 1975 kulikuwa na jarida la nyeusi na nyeupe, Dracula Lives!, la kampuni hiyohiyo. Kwa sababu lilikuwa jarida halikubanwa na kanuni zile. Humo Dracula huyuhuyu alichorwa na watu wengi. Toleo lake la 2 lina kisa cha jinsi alivyogeuka kuwa vampaya, maneno ya Wolfman, michoro ya Neal Adams. Adams ana mkono tofauti kabisa na Colan, misuli inaonekana, kila kitu kina ukingo. Wasomaji wa mwezi mmoja waliweza kumshika Dracula wa Colan mkono huu na Dracula wa mtu mwingine mkono ule. Sijasikia kwamba mwendelezo ulikufa.

Tatu, nywele nyeupe. Rudini kwenye riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Jonathan Harker anapokutana na yule bwana, anakuta mzee mrefu mwenye masharubu meupe. Baadaye anamkuta ndani ya sanduku lake ameshiba damu, na nywele zimeanza kurudi rangi ya chuma. Huko London anamwona tena, masharubu meusi. Kwa hiyo chimbuko lenyewe linasema Dracula anazeeka akiwa na njaa na kurudi ujana akila. Anayesema vampaya habadiliki sura ajue kwamba baba wa vampaya wote alibadilika.

Kivuli Hakuna

Mzee umemaliza. Hoja ya "hazeeki" imeanguka.

Mlinzi wa Juzuu

Haijaanguka, mkuu. Shikamoo mzee, na asante kwa darasa, maana hoja yako ya tatu ndiyo inanifanya niseme kwa usahihi zaidi ninachokitetea.

Kwa Stoker weupe wa nywele ni kipimo. Ukiona nyeupe, ana njaa. Ukiona nyeusi, kuna mtu amekufa usiku ule. Hiyo ni kanuni, na msomaji anaweza kuisoma bila kuambiwa. Mabadiliko ya namna hiyo yanauimarisha mwendelezo, kwa sababu sura inabeba habari. Wangefanya hivyo 2010, nywele zikakolea kila anapokunywa na kufifia anapokosa, ningekuwa wa kwanza kushangilia na deraya ningeivumilia. Kinachonisumbua ni weupe unaokaa tu kichwani bila kutuambia kitu. Hauhusiani na njaa, hauhusiani na jeraha. Ni pambo.

Kuhusu Dracula Lives!, angalia vizuri alichofanya Adams kwenye kile kisa. Kinahusu Dracula kabla na wakati wa kugeuka, karne ya 15. Mkono tofauti unaangukia wakati tofauti wa maisha yake.  Visa vingine vya jarida vilivyokwenda mbali zaidi, nakiri kwa wazi kwamba mimi nikivisoma namwona binamu yake. Havinikai kichwani kama sehemu ya maisha yake, hata kama matukio yake yanakubaliana tarehe kwa tarehe.

Halafu nendeni mwishoni mwa mfululizo. Shetani anamnyang'anya uvampaya, Dracula anakuwa mtu wa kawaida, anashikwa na njaa ya chakula, anapigwa risasi na kuumia kama sisi. Uso? Uleule. Colan hakumlainisha. Ndiyo maana kurasa zile zinauma kuzisoma: uso ambao kwa matoleo zaidi ya 60 ulimaanisha hatari, sasa uko juu ya mwili usio na uwezo wowote. Mchoraji mwingine angempa sura ya binadamu na kuharibu kila kitu. Maumivu yote ya sehemu ile yanatokana na uso kutobadilika.

Kivuli Hakuna

Sawa, basi tutoke kwa Dracula, maana naona umejizungushia ngome. Twende kwa Vampirella, vampaya wa kike mwenye komiki yake.

Ameanza 1969 kwa kampuni ya Warren. Vazi limebuniwa na Trina Robbins, jalada la kwanza ni la Frank Frazetta. Anatoka sayari ya Drakulon ambako mito ni ya damu. Ni kiumbe wa anga za juu, na visa vya mwanzo vina utani mwingi. Archie Goodwin akaja kuvigeuza kuwa vya kutisha kweli. José González akaingia toleo la 12 na kumchora hadi watu wakasahau waliotangulia. Warren ikafilisika 1983, Harris wakamchukua, na miaka ya tisini wakaandika upya kwamba Drakulon haikuwa kweli, kumbukumbu zile zilipandikizwa, yeye ni binti wa Lilith. Halafu Dynamite kuanzia 2010.

Asili yake imefutwa na kuandikwa upya. Michoro imepita mikono isiyohesabika, kila mmoja na uso wake. Kwa kanuni yako hayupo. Yupo.

Binti Wino

Yupo kwa sababu ya lile vazi jekundu lenye kola nyeupe! Kaka Kivuli, umeuletea uzi huu ushahidi mzuri kuliko wote. Asili imefutwa, wazazi wamebadilishwa, sayari imegeuzwa ndoto, na bado mtu akiona umbo lile hata kwa kivuli analijua. Hadithi ndiyo iliyobadilika mara zote, picha ndiyo iliyobaki. Hapo mleta uzi anashinda bila kunyanyuka kitini.

Ninachosikitika ni kwamba uso wake haukupewa heshima hiyo. González alimpa uso wa mtu: anachoka, anawaza, ana huzuni inayokaa pembeni mwa midomo. Wengi waliomfuata walishika vazi wakaacha uso, wakamchora mrembo yeyote. Mimi kwangu kuna Vampirella wa González na kuna wanawake wengine waliovaa nguo zake.

Na mkitaka mfano wa mchoro unaofanya kazi ya mwendelezo waziwazi, someni American Vampire ya 2010. Rafael Albuquerque ndani ya matoleo yale ya mwanzo anachora hadithi mbili kwa mikono miwili. Ya Pearl Jones, miaka ya ishirini, Hollywood, ina mistari ya wino iliyo safi. Ya Skinner Sweet, ya zamani zaidi, enzi za magharibi ya Marekani, ameipaka wino uliochanganywa na maji, kila kitu kina vumbi. Hujasoma tarehe lakini unajua uko wapi. Na kwa kuwa Scott Snyder ameweka koo mbalimbali za vampaya, kila moja na udhaifu wake, taya na kucha za Skinner hazifanani na za wale wa Ulaya. Yeye jua halimuui, dhahabu ndiyo inamdhuru. Ukiona mdomo ule unavyofunguka kupita kiasi, umeshajua kigingi hakitakusaidia.

Mzee wa Fremu

Huo mfano wa koo umekaa vizuri, binti. Pale mchoro unaeleza kanuni.

Kivuli Hakuna

Nakubali American Vampire. Vampirella nitaendelea kuutafakari.

Lakini nina swali ambalo hamjaligusa. Mwaka 1983, Doctor Strange toleo la 62. Inasomwa fomula ya Montesi na vampaya wote wa ulimwengu ule wanaangamia, Dracula akiwemo. Hilo halikufanywa na penseli, lilifanywa na wazo la mwandishi. Na mwaka mmoja kabla, kwenye toleo la mwaka la Uncanny X-Men namba 6, Rachel van Helsing, mwindaji wa vampaya wa The Tomb of Dracula, anageuzwa vampaya na kufa kwa mkono wa Wolverine, mchoraji ni Bill Sienkiewicz. Rachel tuliyemjua kwa Colan kwa miaka, amefia ukurasani mwa mtu mwingine. Tunahesabu kifo chake au hatuhesabu? Mimi nahesabu. Na ukihesabu, umekubali kwamba kisa kinatawala.

Mlinzi wa Juzuu

Nahesabu. Kisa kinaweza kuua, sijawahi kukataa. Kinaweza hata kuua wote kwa mkupuo. Lakini tazama kilichofuata: vampaya walirudi miaka michache baadaye, kwa maneno vilevile. Maneno yanafuta maneno. Ndiyo maana sitegemei maneno kunishikia mhusika.

Kifo cha Rachel kilinishika kwa sababu Sienkiewicz alimwacha awe Rachel. Ni mkono wa mtu mwingine, lakini ukimtazama humtafuti. Sihitaji kila mchoraji awe Colan. Nahitaji anayepokea mhusika akae na kurasa za mwenzake, ajue ni vitu gani kwenye uso ule vinabeba maana, avilinde hivyo, kisha vingine afanye atakavyo. Deraya nyekundu, sawa. Koti jeusi la Blade, sawa. Mashavu na macho ya Dracula, hapana, isipokuwa hadithi imelipia.

Na kuna toleo moja ningeomba tulisome wote kabla hatujaendelea: la 25, la Hannibal King. Mpelelezi wa kujitegemea anamfuatilia vampaya aliyeua, na mwishoni kabisa tunagundua yeye mwenyewe ni vampaya. Wolfman ametuficha kwa maneno. Swali langu ni kuhusu Colan. Pitieni fremu moja baada ya nyingine: kuna anapokaa penye mwanga wa jua? Kuna kioo kinachomwonyesha? Mdomo wake unafunguka kiasi gani anapozungumza? Nataka kusikia mlichokiona kabla sijasema nilichokiona mimi.

Binti Wino

Nalichukua la nyeusi na nyeupe. Nitaleta majibu ya vioo na meno.

Kivuli Hakuna

La 25 nalisoma usiku huu. Ila kuhusu Blade bado sijashawishika, mkuu. Nikirudi tunaanzia kwenye toleo la 10, na mara hii nataka tujadili ule mkanda wa visu vya mbao, maana huo nao ulikuwa unabeba maana na hakuna aliyeulipia ulipovuliwa.